UZI: Madaraka yasiyoulizwa huua kwa njaa kabla hayajaua kwa risasi. Ugogo tunalijua hili

Mwana wa Mvumi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Kila mada ya matumizi mabaya ya madaraka ikianzishwa, mazungumzo hukimbilia kwa Hitler, Idi Amin na Pol Pot. Ni haki kuwataja. Wayahudi milioni sita waliouawa hawapaswi kusahauliwa, wala Wakambodia ambao kati ya 1975 na 1979 walipoteza watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.7. Ila tukiishia kwa hao tunajifariji kwamba hatari hii ni ya watu wa aina yao, wenye kambi na majeshi, na sisi haituhusu. Naomba leo tuiangalie kutokea hapa katikati ya nchi, kwa sababu mababu zetu waliionja na makaburi yapo.

Nazungumzia Mtunya, ile njaa kubwa ya Wagogo.

Kwa asiyeijua Ugogo: mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, tena hunyesha kwa vipande. Bahi inaweza kupata, Mvumi ikakosa. Wazee walikuwa wamejipanga kwa hali hiyo. Walilima uwele na mtama. Ng'ombe hawakukaa zizi moja, waligawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame wa sehemu moja usimalize mali yote. Mwaka ukiwa mbaya, ng'ombe walibadilishwa kwa nafaka, na vijana wenye nguvu walitumwa kuhemea mbali. Yaani akiba ya Mgogo ilikuwa mambo matatu: nafaka ya ghalani, ng'ombe na vijana.

Sasa tazama Vita ya Kwanza ya Dunia ilivyofanya. Reli ya kati ilikuwa imeshapita Dodoma, majeshi yakawa hayana shida ya kufika. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yakaiteka Dodoma, nayo yakachukua hivyohivyo: nafaka, ng'ombe, vijana. Kisha mvua ikakataa. Njaa iliyoanza 1917 ilidumu hadi 1920, na katikati yake ukapita ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hili. Mmoja katika kila watano.

Ukame ulikuwepo kabla na umekuwepo baadaye. Kilichofanya ule uwe Mtunya ni kwamba akiba zote tatu zilikuwa zimeshachukuliwa na watu ambao Mgogo hakuwa na njia ya kuwaambia "hapana, huyu ng'ombe ndiye chakula cha mwakani." Hakukuwa na amri ya kuwaua Wagogo. Kulikuwa na amri ya kukusanya ng'ombe. Afisa aliyeitekeleza hakulazimika kurudi msimu uliofuata kuwatazama aliowachukulia, na hakuna aliyemwita kumhoji.

Hii ndiyo hoja yangu nzima. Tunawaogopa sana viongozi wenye roho mbaya, na tunasahau kuogopa kiti ambacho anayekikalia haulizwi. Aliyekalia kiti hicho anaweza kuwa mtu wa kawaida kabisa, hata mcha Mungu, na watu wakafa.

Na msiseme hayo ni ya wakoloni, yamepita. Katika kijiji kimoja cha mkoa huu, ambacho sitakitaja, mjomba wangu alisimama kwenye mkutano akauliza fedha za kisima zimekwenda wapi. Aliuliza kwa heshima, kofia mkononi. Kiongozi mmoja mwenye nafasi ya juu aliyekuwepo pale akaamuru awekwe ndani kwa uchochezi. Mzee akalala mahabusu, akatoka bila shtaka, bila karatasi. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kwenye ule mkutano. Pampu ilipoharibika, watu waliijua na wakanyamaza, kina mama wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Watoto wakaharisha. Ukienda zahanati utaandikiwa kwamba ni tumbo. Hakuna daftari linaloandika kwamba mtoto aliugua kwa sababu babu yake alifungwa mdomo.

Karibuni tujadili.

---

Kibaigwa Sokoni

Mkuu umegusa penyewe. Mimi bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimulia njaa hiyo kama alivyosimuliwa na mama yake, kwamba watu waliacha nyumba wazi wakatembea kuelekea kokote palipotajwa kuna chakula, na wengi hawakurudi. Sikuwahi kusikia upande wa ng'ombe kuchukuliwa na majeshi. Shuleni tulisoma njaa kama jambo la mvua tu.

Naongeza Kongwa, maana ni jirani na kwetu. Ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 wakati Uingereza ina upungufu wa mafuta ya kula. Ulipangwa kutoka London, mashine zikaletwa, baadhi zikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka baada ya mvua unakuwa mgumu hata karanga haing'oki. Kila mkulima wa pale alijua. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautelekeza, paundi milioni 36 zimekwenda.

---

Nyikani

Kibaigwa, nakuheshimu, lakini Kongwa siyo matumizi mabaya ya madaraka. Ule ni upumbavu na haraka. Tukiita kila kosa la serikali "matumizi mabaya", neno litakosa uzito.

Na mleta uzi, samahani, naona unakwepa upande wa pili. Nchi maskini haiendi kwa maswali. Ukimruhusu kila mtu aulize, hata barabara haitajengwa. Zipo nchi zilizoinuka kwa mkono wa chuma. Tatizo siyo nguvu, tatizo ni nani amepewa nguvu. Tuchague watu wema, basi.

---

Mwana wa Mvumi

Nyikani, asante kwa kuweka hoja badala ya matusi. Nitajibu yote mawili.

Kuhusu Kongwa nakubali kwamba haukuwa ukatili. Nauhesabu humu kwa sababu moja tu: mwenye ardhi na ujuzi wa ardhi hakuwa na kiti mezani, na aliyekosea hakuwa na wa kumzuia mapema. Hasara ikawa fedha za walipa kodi wa Uingereza, ambao bunge lao na magazeti yao yaliuliza, na mradi ukafungwa baada ya miaka michache. Weka kosa lilelile mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza, uone linafika wapi.

Hilo linanipeleka kwenye mkono wa chuma. Uchina 1958 ilianza mpango wa kuruka hatua kubwa ya maendeleo kwa haraka. Mashamba yakaunganishwa, wakulima wakapelekwa kuyeyusha chuma, na kila ofisa wa chini akatakiwa kutoa taarifa ya mavuno makubwa. Wakatoa, kwa kuwa aliyesema ukweli aliitwa mpinzani wa mapinduzi. Serikali ikachukua nafaka kulingana na mavuno ya kwenye karatasi, na mkulima akabaki na ghala tupu. Mwaka 1959 waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, shujaa wa vita na mtu wa ndani kabisa ya chama, alimwandikia Mao barua ya kueleza hali. Akavuliwa wadhifa. Baada ya hapo nani angeandika barua nyingine? Makadirio ya waliokufa hadi 1961 ni kati ya milioni 15 na milioni 45. Hebu soma tena namba hizo. Risasi haikuhitajika.

Na wale hawakuwa watu waliochukia wakulima. Chama chao kilishika madaraka kwa jasho la wakulima.

Mchumi Amartya Sen, aliyepewa Tuzo ya Nobel 1998, ameeleza kwa miaka mingi kwamba njaa kubwa ya kuangamiza hutokea mahali ambapo hakuna magazeti huru wala upinzani wa kumlazimisha mtawala kusikia. Mkulima wa Chamwino hahitaji kumsoma Sen kulielewa hilo. Anajua kwamba mtendaji akiogopa kupeleka taarifa ya njaa kwa mkubwa wake, chakula cha msaada hakiji.

---

Mstaafu wa Chamwino

Nimesoma kimya. Wanangu, mimi niliyaona ya Operesheni, ile ya kuhamishia watu katika vijiji vya pamoja, nikiwa kijana, naomba niseme kwa haki.

Operesheni Dodoma ya 1971 ilikuja baada ya njaa, na nia yake ilikuwa njema. Mwalimu mwenyewe alikuja Chamwino, akafyatua matofali na wananchi. Nilimwona. Shule, zahanati na maji vilihitaji watu waliokaa pamoja, na wengi tuliohamia tulisomesha watoto kwa ajili hiyo. Asiyesema hili anapotosha.

Lakini ilipoamuliwa 1973 kwamba ifikapo 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja, kazi ikawa ni hesabu. Kila mkubwa alitaka kutoa taarifa kwamba wilaya yake imemaliza. Hapo ndipo nyumba zilipobomolewa na nyingine kuchomwa ili mtu asirudi, hata msimu wa kulima. Yale mleta uzi aliyoeleza ya ng'ombe kugawanywa mbalimbali yakafa. Mazizi yalisogezwa pamoja, majani ya karibu yakaisha, shamba likawa mbali na nyumba. Wazee walisema. Waliambiwa wanarudisha nyuma maendeleo.

Na kule Isimani, Krismasi ya 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, katika ugomvi uliotokea shambani kwake. Mwamwindi akanyongwa. Familia mbili zikaangamia. Mimi sitetei mauaji hata kidogo. Nasema ukimnyima mtu pa kulalamikia, hata mwenye cheo hayuko salama.

Nimalizie na lingine la kutupa moyo. 1976, kule Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa wa mauaji ya kishirikina waliteswa na vyombo vya dola, baadhi wakafa. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumtesa mtu kwa mkono wake. Januari 1977 akajiuzulu kwa kuwa yalitokea chini yake. Maofisa waliohusika wakashtakiwa. Nchi haikuvunjika kwa waziri kuwajibika. Miaka minane baadaye ndiye aliyekuwa Rais wetu.

---

Mwana wa Mvumi

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kutufungulia hili. Maneno yako "kazi ikawa ni hesabu" nitayabeba.

---

Mstaafu wa Chamwino

Marahaba mwanangu. Endeleeni.

---

Nyikani

Mzee shikamoo. Nimekuelewa, na mfano wa Uchina ni mzito, sikatai. Ila bado nashikilia: aliyechoma nyumba ni nani? Ni kijana wa hapohapo, mgambo, mtoto wa jirani. Angekataa, nyumba isingeungua. Kwa hiyo ni tabia ya watu.

---

Darasani UDOM

Ndugu Nyikani, swali lako limefanyiwa utafiti. Mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwaita watu wa kawaida, wakaambiwa wanasaidia utafiti wa kujifunza. Walitakiwa kumpiga shoti ya umeme mtu wa chumba cha pili kila anapokosa jibu, wakiongeza nguvu kidogokidogo. Shoti hazikuwa za kweli, lakini wao hawakujua. Walimsikia akigonga ukuta, kisha akanyamaza kabisa. Msimamizi aliyevaa koti la maabara aliwaambia tu waendelee. Watu 26 kati ya 40 walifika volti 450, mwisho wa mashine.

Huwa inatajwa hiyo tu, na watu wanakata tamaa. Alifanya jaribio jingine ambalo ndilo naona linatuhusu. Safari hii mshiriki aliketi na wenzake wawili ambao, kwa mpango wa siri, walikataa kuendelea katikati ya kazi. Waliofika mwisho wakawa 4 kati ya 40.

Kwa hiyo ni tabia ya watu, ndiyo, lakini tabia hiyohiyo inabadilika mtu akiona mwenzake amekataa. Yule mgambo aliyechoma nyumba alikuwa peke yake mbele ya amri. Ndiyo maana mwenye madaraka mabaya huanza kwa kumtenga anayeuliza. Akishaondolewa mmoja mbele ya macho ya wote, waliobaki wanamalizana wenyewe.

---

Mama Zabibu

Nimesoma yote mpaka machozi. Mimi siyo mtu wa historia. Nina swali la leo. Kaka yangu yuko wilaya ya jirani, ni mwalimu. Amewahi kutishiwa hadharani kwamba atawekwa ndani saa 48 kwa sababu ya choo cha shule kutokamilika, na fedha ya choo haikupita mikononi mwake. Je, ni kweli wana uwezo huo? Na ikitokea tufanye nini?

---

Mwana wa Mvumi

Mama Zabibu, pole sana, wewe na kaka. Hili nitalijibu kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaonewa kwa kutolijua.

Uwezo upo, ila siyo ule unaotangazwa kwenye mikutano. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 7 kwa Mkuu wa Mkoa na cha 15 kwa Mkuu wa Wilaya, inaruhusu kuamuru mtu akamatwe katika hali mbili. Ya kwanza, awe ametenda kosa la jinai mbele yake, au ijulikane kwamba amelitenda, kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushtakiwa kwalo. Ya pili, iwe anaelekea kuvunja amani, na hakuna njia nyingine ya kuzuia isipokuwa kumweka ndani. Choo kisichokamilika hakimo. Kuchelewa kikao hakumo. Kuuliza swali hakumo kabisa.

Halafu zile saa 48. Wengi wanazichukulia kama adhabu, kwamba mtu akishakaa nazo amelipa. Sheria inasema aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu haraka iwezekanavyo, na saa 48 ndiyo mwisho kabisa. Zikipita hajafikishwa, aachiwe, na asikamatwe tena kwa amri ileile. Aliyeamuru anatakiwa kuandika sababu zake kwa maandishi. Na sheria hiyohiyo inasema akiutumia vibaya uwezo huo anaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho ni kosa la matumizi mabaya ya ofisi.

Ikitokea, ndugu waende kituoni mara moja, wakiwa zaidi ya mmoja. Waombe kuona kumbukumbu ya kituo: ameingia saa ngapi, kwa amri ya nani, kwa kosa gani. Waandike wenyewe kila kitu, saa na majina, wasitegemee kukumbuka. Waulize kwa upole atafikishwa mahakama ipi na lini. Msifanye fujo pale, maana fujo ndiyo itakayokuwa sababu ya kweli wasiyokuwa nayo.

---

Wakili wa Area C

Mleta uzi ameeleza vizuri, naongeza machache.

Chimbuko la uwezo huu ni sheria za 1962 za wakuu wa mikoa na wa wilaya, mwaka uleule ilipotungwa Sheria ya Kuwekwa Kizuizini. Tume ya Jaji Nyalali, iliyomaliza kazi yake 1992, iliorodhesha sheria 40 ilizoona ni kandamizi na kutaka zifutwe au zirekebishwe. Baadhi zimefanyiwa kazi, nyingine zimerudi kwa majina mapya.

Mtu akidhulumiwa na ofisi ya umma anaweza kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao yake makuu yako hapa Dodoma. Halipiwi chochote, na unaweza kuandika kwa mkono. Tume hiyo ilianza kazi 2001 ikichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya 1966, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika. Kasoro yake ni kwamba hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Bado barua yenye muhuri wa kupokelewa ni kitu.

Pakiwa na rushwa ndani yake, ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Sheria ya 2007, kifungu cha 31, inamhusu anayetumia nafasi yake vibaya ili yeye au mwingine anufaike, na cha 25 kinamhusu anayedai ngono ili atoe huduma, ajira au alama za mtihani. Wasichana wa vyuo hapa mjini wakijue hicho cha 25 kwa namba. Na msiambiwe kwamba wakubwa hawaguswi. Mwaka 2015 waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, walihukumiwa kifungo kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7.

---

Mama Zabibu

Mungu awabariki. Nimenakili yote, namtumia kaka usiku huu. Swali la mwisho: huko kijijini, mtu akiuliza mapato na matumizi akaitwa mchochezi, afanyeje? Maana ndiko yanakoanzia.

---

Mwana wa Mvumi

Dada, tumia alichosema mwanafunzi wa UDOM: asiulize mtu mmoja. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kusomewa mapato na matumizi ni haki ya wanakijiji wote. Kabla ya mkutano, watu watano au sita wakubaliane swali lililo moja. Wa kwanza akiuliza na kukatishwa, wa pili asimame aulize lilelile kwa maneno yaleyale, na wa tatu. Mmoja wao awe mama, mmoja awe mzee wa kanisa au wa msikiti. Waombe swali liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jibu, na mkutano unaofuata waombe muhtasari usomwe kabla ya jambo lolote.

Kwenye ardhi hivyohivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mkiambiwa eneo limeshatolewa kwa mwekezaji, ombeni muhtasari wa siku mlipoidhinisha.

---

Nyikani

Kwetu Manyoni mkutano wa mwisho sikumbuki ulifanyika lini. Nikirudi likizo naanza na hilo. Wakili, naomba unielekeze: mwenyekiti akikataa kuuitisha, barua inapelekwa kwa mtendaji wa kata au moja kwa moja kwa mkurugenzi wa halmashauri?

---

Wakili wa Area C

Anza na mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi. Wanakijiji wengi kadiri mtakavyoweza waweke sahihi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa hapohapo mkiwa mmesimama.